Maji ya Kompyuta Nayo Yapimwe

Ndugu Mkulima,

Ukifika kijiji cha Raila, huko Kibera, Nairobi, utaona akina mama wamepanga foleni na mitungi ya lita 20. Kila mtungi hulipiwa, na kila mama ajua ametumia mingapi tangu asubuhi. Nawe ukitaka kuvuta maji ya mto Malewa kwa pampu umwagilie kabeji zako, sharti upate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ni haki, maana maji ni ya watu wote.

Sasa yuko mnywaji mwingine. Akili bandia, ile inayojibu maswali katika simu, haikai ndani ya simu. Hukaa katika majumba makubwa yenye maelfu ya kompyuta. Kompyuta hizo hula umeme mwingi na kupata moto, na mengi ya majumba hayo hupozwa kwa maji. Kampuni ya Google peke yake ilitumia lita bilioni 23 hivi mwaka 2023. Gawanya kwa mtungi wa Raila: ni zaidi ya mitungi bilioni moja.

Mwezi wa Mei 2024, kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga jumba la namna hiyo Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, kwa umeme wa mvuke wa ardhini. Lingeanza na megawati 100, na baadaye kufika 1,000. Mwaka 2025 Kenya nzima, saa ya matumizi makubwa, ilihitaji zaidi ya megawati 2,300.

Wengine husema mvuke ni safi, na mitambo ya kisasa hutumia maji kidogo. Huenda ni kweli, na vijana wetu wanataka kazi. Lakini "kidogo" si kipimo. Ziwa Naivasha hulishwa na Malewa, nayo Malewa hutoka milima ya Nyandarua. Kiangazi kikija, anayefunga pampu asiwe mkulima peke yake.

Maoni yangu ni haya: jumba lolote la namna hii lifungiwe mita, na hesabu ya maji na umeme ibandikwe hadharani kila mwezi. Sheria yakupa nafasi ya kutoa maoni kabla mradi mkubwa haujapewa leseni na NEMA. Siku hiyo usikae nyumbani. Nenda na chama chenu cha watumiaji maji, uulize: lita ngapi?

Mali bila daftari hupotea bila habari.