Umeme wa Reli Upimwe kwa Shehena

Nchi zinapolinganishwa kwa matumizi ya umeme katika reli, aghalabu hutazamwa jumla ya kilowati-saa za mwaka. Kipimo hicho hupotosha. Marekani ina mtandao wa reli mrefu kuliko nchi yoyote, lakini karibu shehena yake yote huvutwa kwa injini za dizeli. Uswisi, nchi ndogo, imetandaza nyaya za umeme juu ya takriban reli zake zote. Reli itumiayo umeme kidogo si lazima iwe imetumia nishati kidogo.

Jambo la kwanza la kuuliza ni chanzo. Uswisi ilipopungukiwa na makaa ya mawe katika Vita Kuu ya 1914–1918, iliharakisha kuendesha reli zake kwa nguvu za maji ya milima yake. Afrika Kusini nayo ina reli nyingi za umeme, lakini sehemu kubwa ya umeme wake hutokana na makaa ya mawe. Hapo moshi umehama tu kutoka relini hadi kwenye mtambo.

Jambo la pili ni shehena. Kipimo cha haki ni nishati itumikayo kuchukua tani moja kwa kilomita moja. Gurudumu la chuma juu ya reli hupata ukinzani mdogo kuliko tairi juu ya lami. Lakini mwendo ukiongezwa maradufu, ukinzani wa hewa huwa takriban mara nne.

Tanzania ilianza kuendesha treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kuinua tani moja mita 1,000 huhitaji takriban kilowati-saa 2.7, kabla ya kuhesabu ukinzani wowote. Behewa tupu nalo lina tani zake, nazo hulipiwa vilevile.

Kwa hiyo fahari ya reli hiyo isiwe mwendo wa kilomita 160 kwa saa peke yake, bali mabehewa yaliyojaa, ya abiria na ya mizigo, na gridi isiyozimika. Walimu wa fizikia wangefanya vyema kuwapa wanafunzi hesabu hiyo. Raia ajuaye kuikokotoa hataridhika kusifu kasi ya treni bila kuuliza imebeba nini.