Acheni Kunipongeza Kwa Kukonda

Wasee, nianze na ombi moja kabla hamjanirukia. Mkiniona Valley Arcade, ama kwa stage nikingoja matatu, ama kwa video yoyote nimeposti, msiniambie "Wueh! Umekonda, unakaa fiti sana!" Najua mnamaanisha mazuri. Najua pia hiyo sifa niliitafuta mimi mwenyewe, kwa jasho na kwa njaa. Lakini leo nataka kuwaeleza kwa nini siitaki tena, na kwa nini nadhani nyinyi pia hamfai kuigawa ovyo kama peremende.

Kwa wale wageni hapa, stori ni hii. Mwaka jana nilikonda sana, kwa miezi mitano tu. Sitataja kilo. Sitataja nilikuwa nakula nini na nini niliacha. Najua vizuri kuna mtu wa miaka kumi na sita anasoma hii akiwa na kalamu mkononi, na nikitaja nambari atazifanya lengo. Pole mrembo, leo hupati menyu.

Kwanza niwe mkweli: mwanzoni nilifurahia. Nani hangefurahia? Askari wa geti letu, huku Muthangari, ambaye kwa miaka miwili alikuwa ananifungulia akiwa ameangalia simu, ghafla akaanza kuniuliza nimeamkaje. Makanga akaniwekea kiti cha mbele. Msee mmoja aliyeacha kujibu meseji zangu akarudi na "Habari ya siku mingi?" Kwa duka la nguo ambapo nilizoea kuambiwa "saizi yako hatuna" hata kabla nifungue mdomo, nikaanza kuletewa nguo na tabasamu. Video yangu ya kabla-na-baada ikapita video zangu zote nyingine nikiziweka pamoja.

Hiyo raha ilidumu kama wiki tatu. Kisha usiku mmoja swali likanijia, na halijaniachilia hadi leo. Kama sasa ndio naonekana mtu, yule wa kwanza alikuwa nani?

Kwa sababu mimi ni yuleyule. Utani ni uleule, sauti ni ileile, moyo ni uleule. Sikuongeza akili hata kidogo. Salamu ya yule askari haikugharimu pesa, na angeweza kunipa tangu siku ya kwanza. Kila mtu aliyenichangamkia baada ya kukonda alikuwa anakiri, bila kujua, kwamba kabla ya hapo aliamua sistahili. Hiyo ndiyo hasara ambayo hakuna mtu huweka kwa video ya kabla-na-baada. Unapata heshima, halafu unagundua ilikuwa stoo muda huo wote, umefungiwa.

Sasa njooni upande wa pili wa barabara.

Mboga mimi hununua Kawangware, kama mtu yeyote wa huku mwenye hesabu zake. Unashika 46, ama unatembea tu kama mguu uko sawa. Siku moja nikafika kwa mama mboga wangu, na badala ya "Leo nikukatie ya ngapi?" akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akaweka kisu chini. Akaniuliza polepole, ili wateja wengine wasisikie: "Wewe msichana, uko sawa kweli? Usijifiche. Siku hizi dawa ziko, na watu wanaishi."

Nilikasirika, manze. Nilirudi nyumbani nikimsema njia nzima. Mwezi huohuo nikaenda ushago, na shosho akanishika mkono akauzungusha kama anapima kuni. "Mami, nani anakuua njaa huko mjini?" Akalia. Akakataa nirudi Nairobi kabla sijamaliza sufuria ya njahi.

Mwili mmoja. Wiki ileile. Huku Muthangari mimi ni msichana aliyejipanga, ana nidhamu, pengine hata ana pesa. Kawangware mimi ni mgonjwa anayeficha. Kwa shosho mimi ni mtoto anayelala njaa. Nikaanza kuelewa kitu: watu hawasomi mwili wako. Wanasoma hofu zao na tamaa zao, halafu wanakusomea wewe kwa sauti.

Na hofu ya mama mboga haikutoka hewani. Sisi tuliozaliwa baada ya 2000 tunasikia neno ukimwi kama somo la darasani. Wao waliliona likitembea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kule Rakai, Uganda, kando ya Ziwa Victoria, watu walianza kukonda mpaka wakaisha, na kwa sababu hakuna aliyejua ni nini, ugonjwa wenyewe ukaitwa "slim". Mwaka wa 1985 madaktari waliuandika kwa jina hilohilo katika jarida la Lancet. Mwaka wa 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama mbele ya watu akasema anao, wakati ambapo karibu kila mtu maarufu alikuwa amenyamaza. Desemba mwaka huohuo akafariki. Hapa kwetu, rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999, na kwa familia nyingi wakati huo mazishi yalikuwa yamekuwa jambo la kila Jumamosi.

Kwa hivyo mtu wa umri wa shosho akikwambia "umekonda", hakutusi. Anaona kitu ambacho kilimwibia watu. Mnene kwake alikuwa mtu ambaye bado yuko. Sisemi alikuwa sahihi kuhusu ugonjwa, na mtu mwenye virusi leo anayemeza dawa zake anaweza kuwa na mwili wowote ule. Nasema tu ana sababu, na sababu yake ina makaburi.

Lakini sikilizeni sehemu ambayo iliniuma zaidi. Kati ya watu wote walioniona mwaka jana, marafiki, majirani, na maelfu ya watu waliobonyeza laiki, ni hao wawili tu walioniuliza kama niko sawa. Mama mboga na shosho. Na sikuwa sawa!

Nywele zilikuwa zinang'oka. Msusi wangu ndiye aliona kwanza, akaniambia mbele hakuna kitu cha kushikilia rasta. Hedhi ilikuwa imepotea miezi mitatu, na mimi nikajiambia ni stresi. Nilikuwa nasikia baridi Januari, jua likiwaka, nimevaa sweta mbili. Nilizimia mara moja bafuni, nikawaambia watu niliteleza. Hasira ilikuwa karibu kila saa. Usiku nilikuwa naangalia video za watu wakipika chapo mpaka saa nane, mimi ambaye chapo nilijinyima. Nilipofika kwa daktari mwishowe, hakushangaa hata kidogo. Aliniambia mwili ukinyimwa chakula kwa kasi unapunguza matumizi, kama nyumba inayozima taa: nywele si lazima, hedhi si lazima, joto tutaona. Akaniongezea kwamba kukonda haraka kunaweza hata kukuletea mawe kwa kibofu cha nyongo. Hiyo sikuwahi kuiona kwa posti yoyote ya "safari yangu".

Na hii si siri mpya. Mnamo 1944 na 1945, chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa miezi sita. Wakawa wanasikia baridi, wana hasira, wana huzuni, na hawawazi kitu kingine ila chakula. Wengine walianza kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Nilipojua hivyo nilicheka, halafu nikalia. Nilidhani mimi ni dhaifu, kumbe mimi ni binadamu tu.

Kuna nyingine ya 2016. Watafiti waliwafuatilia watu 14 wa lile shindano la runinga la Marekani, The Biggest Loser, miaka sita baadaye. Wengi walikuwa wamerudisha uzito mwingi, na miili yao bado ilikuwa inatumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Miaka sita! Shindano limeisha, makofi yameisha, kamera zimeenda, na mwili bado unajihami.

Sasa tuongee kuhusu biashara, kwa sababu hapa ndipo mimi pia nina makosa. Video yangu ilipovuma, kampuni moja ya chai ya kupunguza tumbo ilinitafuta. Nilichukua pesa zao. Nilishika kikombe nikatabasamu. Sikuwa nimekunywa hiyo chai hata siku moja. Baadaye ndio nikasoma kwamba chai nyingi za aina hiyo huwa na majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unachopoteza ni maji, na muda wako chooni. Mafuta yako palepale, yanakungoja.

Saa hii wanaonitafuta wanauza sindano. Tuelewane: Ozempic ni dawa halisi. Marekani iliidhinishwa 2017 kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili, na Wegovy, yenye semaglutide ileile, ikaidhinishwa 2021 kwa ajili ya uzito. Kuna watu inawasaidia, wakiwa na daktari. Lakini Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutide bandia iliyopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Kama bandia imepenya huko, wewe unadhani ile unayoletewa na msee wa boda, imefungwa kwa karatasi ya nailoni, bila daktari na bila friji, ni nini?

Najua mnachotaka kusema. "Kwani unatuambia tubaki wanene?" Hapana. Mamangu ana presha. Daktari alimwambia apunguze uzito, na alimwambia akimwangalia machoni, akiwa na vipimo mezani. Mama anatembea jioni, amepunguza sukari kwa chai, na mwaka mzima amepungua kidogo tu. Hakuna mtu amempigia makofi kwa sababu hakuna kitu cha kuposti. Presha yake imeshuka. Hiyo ni afya. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha karibu theluthi moja ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na sukari na presha si mchezo. Sibishani na daktari. Nabishana na nyinyi, ambao hamkuniuliza presha yangu. Mlinipigia makofi kabla hamjajua kama nimepona ama naugua. Kwa macho yenu vitu hivyo viwili vinafanana kabisa.

Na mtaniambia, "Lakini ni sifa tu, si vita." Sawa. Basi niwaambie sifa zenu zilienda wapi.

Dadangu mdogo yuko Form Three. Likizo iliyopita nilimkuta jikoni usiku, anamwaga chakula chake kwa mfuko wa takataka, anafunika na maganda ya ndizi ili mama asione. Nikamuuliza unafanya nini. Hakujibu. Alinionyesha simu. Ilikuwa video yangu. Ile ya kabla-na-baada. Alikuwa ameihifadhi. Akaniambia, "Si wewe kila mtu alikupenda ulipokonda?"

Sikuwa na jibu. Kwa sababu ni kweli. Aliona kila kitu: askari, msee wa meseji, laiki. Alifanya hesabu kama mwanafunzi mzuri, na hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa letu sisi tuliomwandikia swali.

Video nimeifuta. Ndiyo, ile iliyonipa wafuasi wengi wenu. Wakati huo pia nilimwambia dadangu mambo ambayo sikuwa nimemwambia mtu: nywele, hedhi, bafuni. Sasa tunakula pamoja jioni, simu ziko chumbani. Siku nyingine anamaliza, siku nyingine hamalizi. Tunaendelea, na tumetafuta mtu wa kuongea naye, kwa sababu upendo wa dada pekee hautoshi kila kitu.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Ukiona mtu amekonda, ama amenona, hujui kama ni mazoezi, ni msiba, ni dawa, ni njaa, ni mapenzi yamevunjika, ama ni mwili tu unaendelea na maisha yake. Weka makofi chini. Fanya alichofanya mama mboga wangu: sogea karibu, punguza sauti, uliza, "Uko sawa kweli?"

Nilimrudia, by the way. Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyomsema moyoni. Hakuelewa naomba msamaha wa nini. Aliniongezea sukuma ya mkono mmoja bure, akasema, "Enda ukule."

Na nikaenda, nikala.