Mbwa Alishwe Kibichi au Kilichopikwa?

Wapo wasemao kwamba mbwa ni jamii ya mbwa-mwitu, hivyo nyama mbichi ndiyo haki yake. Ni kweli tumbo lake huimudu. Lakini madhara makubwa humpata mtoto achezaye naye.

Siku ya kuchinja, maini na mapafu yenye vifuko vya maji hutupiwa mbwa. Ndani ya vifuko hivyo mna mabuu ya tegu mdogo, asiyefika sentimita 1. Mbwa akivila vibichi, baada ya wiki 7 hivi kinyesi chake hutoa mayai ya tegu, nayo hunata katika manyoya. Binadamu akiyameza, uvimbe wa maji huota katika ini au mapafu, hukua kimya kwa miaka, na mara nyingi huhitaji kupasuliwa. Wafugaji wa Turkana na Karamoja wanayajua maradhi haya.

Basi yafaa kupika. Nyama za ndani zichemshwe nusu saa kamili. Zenye vifuko zichomwe au zifukiwe shimo refu. Vitunguu visitiwe, kwani humharibia mbwa damu. Mifupa iliyopikwa asipewe, maana huvunjika vipande vikali. Watoto nao wanawe kwa sabuni kabla ya kula.

Kuni za nusu saa ni nafuu kuliko kisu cha daktari.