Mwanao anaandika hadithi? Usimkatishe tamaa

JUMAPILI jioni, mama anakagua begi la binti yake wa kidato cha pili. Anakuta kaunta buku. Mbele kuna notisi za Bayolojia, nyuma kuna kurasa 19 za hadithi ya msichana aliyepotea stendi ya mabasi.

“Ada nalipa ili ukaandike hadithi?” anafoka. “Na mtihani wa taifa je?”

Binti ananyamaza. Kesho yake kurasa zile hazipo. Amezichana mwenyewe.

Mzazi huyu hakuwa na nia mbaya. Upimaji wa kidato cha pili ni wa kitaifa na kila nyumba inauhofia. Lakini mtoto aliyefokewa hivyo haachi tu kuandika. Anajifunza kwamba yaliyomo moyoni mwake hayafai kusomwa nyumbani, na kesho akiwa na shida atawaeleza watu wengine.

Ukigundua mwanao anaandika, kwanza tenganisha mambo. Mnunulie daftari la hadithi peke yake, mkubaliane muda, mfano Jumamosi mchana baada ya kazi za nyumbani. Daftari la Bayolojia libaki la Bayolojia.

Pili, soma. Usianze na kalamu nyekundu kusahihisha herufi. Muulize, “Kisha ikawaje?” au “Kwa nini huyu baba alikimbia?” Maswali hayo yatamwonyesha mahali ambapo msomaji amepotea, na atarekebisha mwenyewe.

Tatu, mpe vitabu. Anayetaka kuandika Kiswahili kizuri lazima akisome kwa wingi. Kama fedha ya kununua ni ngumu, maktaba ya mkoa au ya shule inatosha kuanzia.

Nne, mfundishe kurudia kazi. Hadithi ikikamilika, iwekwe kando wiki mbili, kisha aisome kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, sentensi ina tatizo. Baada ya hapo ampe mwalimu wa Kiswahili, maana mama na baba wana huruma, na huruma haihariri.

Haraka ya kuchapisha haina faida. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alianza kuandika akiwa kijana ugenini Uingereza. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, akikaribia umri wa miaka 40. Mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mtoto wa miaka 15 hajachelewa. Ubao wa matangazo wa shule, jarida la shule na ukurasa wa watoto gazetini ni mwanzo mzuri.

Siku kazi ikikomaa, mzazi awe macho. Kwa utaratibu wa kawaida, mchapishaji akiukubali mswada hubeba gharama za kuhariri, kuchapa na kusambaza, kisha humlipa mwandishi mrabaha, yaani sehemu ya mauzo. Anayekudai fedha ili akitoe kitabu anakuuzia huduma ya uchapaji. Si kosa, ila jua unachonunua. Uliza nani atahariri, nakala ni ngapi na zitauzwa wapi. Wapo waliobaki na maboksi ya vitabu chini ya kitanda.

Mkataba usomwe mstari kwa mstari. Aliye chini ya miaka 18 kisheria hawezi kuingia mkataba, hivyo utakayesaini ni wewe. Angalia kama unatoa ruhusa ya kuchapa kwa muda fulani au unauza haki zote moja kwa moja. Hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa, na kwa sheria ya Tanzania hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuisajili COSOTA husaidia ushahidi ukitokea ugomvi.

Yapo pia mashindano. Taasisi ya Elimu Tanzania inaratibu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma kazi. Na mswada ukikataliwa, usimwambie mtoto “si nilikwambia?” Mwulize atabadilisha nini.

Turudi kwa yule mama. Siku ya nne aliingia chumbani kwa binti yake na daftari jipya.

“Ile hadithi iko wapi?”

“Nilichana, mama.”

“Yule msichana wa stendi, alipatikana?”

Binti alimtazama kwa muda. “Bado,” akajibu, akalipokea daftari.