DAWA ZA NGUVU: MATAJIRI WALIFUMBA MACHO, CHAMA KILICHELEWA



Habari za dawa za kuongeza nguvu katika mchezo wa besiboli huko Marekani zimeandikwa sana, na karibu kila mara huandikwa kama habari za wachezaji wadanganyifu tu. Sisi twaziona kuwa ni habari za kazi. Wanaocheza besiboli kwa mshahara ni wafanya kazi, wana chama chao na mapatano yao na matajiri wenye timu, nao wamegoma mara kadha. Mishahara yao mikubwa haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1966 walimwajiri Marvin Miller, mtu aliyetoka katika chama cha wafanya kazi wa chuma, na mapatano ya kwanza ya mwaka 1968 yakapandisha kima cha chini toka dola 6,000 kwa mwaka mpaka 10,000.

Basi mwaka 1994 waligoma, na michezo ya fainali ikafutwa. Watazamaji walikasirika, wengine wakahama. Mwaka 1998 walirudi kwa furaha, kwa kuwa Mark McGwire alipiga mipira 70 ya kutoka nje ya uwanja na Sammy Sosa 66, wote wawili wakiipita hesabu ya Roger Maris ya 61 iliyokaa tangu 1961. Mwaka huo huo mwandishi mmoja aliona chupa ya androstenedioni katika kabati la McGwire. Dawa hiyo iliuzwa madukani waziwazi, na ligi haikuipiga marufuku mpaka 2004. Fedha za viingilio zilikuwa zaingia, na mwenye duka haulizi mteja amepata wapi fedha. McGwire alikiri mwaka 2010 kwamba alitumia dawa za nguvu; mpaka leo hajaingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo. Bud Selig, aliyekuwa mkubwa wa ligi miaka yote hiyo, aliingizwa mwaka 2017.

Hayo ni ya matajiri. Lakini hatuandiki gazeti hili ili kusifu kila chama kwa kuwa ni chama.

Kwa miaka mingi chama cha wachezaji kilikataa upimaji. Sababu yake twaielewa: tajiri hana haki ya kudai mkojo wa mtu ambaye hajamshuku kwa lolote. Lakini mwanachama asiyetumia dawa alitetewa na nani? Katika timu nafasi ni moja na wanaoitaka ni wengi. Jirani yako akijidunga sindano, nawe ama ujidunge ama ufungashe urudi kwenu. Wanachama wetu walijua jambo hili mashambani: nyapara akiona mtu mmoja amaliza kazi ya watu wawili, kesho kipimo cha wote huongezwa. Ken Caminiti, mchezaji bora wa upande wake wa ligi mwaka 1996, alisema hadharani mwaka 2002 kwamba alitumia dawa hizo. Maneno hayo yalifaa kusemwa kwanza katika mkutano wa chama, miaka mingi nyuma, na milango imefungwa.

Waliochelewa hupimwa kwa masharti ya wengine. Wachezaji wa ligi ndogo, ambao wakati huo hawakuwa na chama, walianza kupimwa mwaka 2001 kwa amri tu, bila kuulizwa. (Walipata chama mwaka 2022.) Wale wa ligi kubwa walikubaliana mwaka 2002 kwamba upimaji wa 2003 uwe wa siri, bila majina, na kama zaidi ya watu 5 katika 100 wataonekana na dawa, upimaji wa adhabu uanze. Walizidi. Lakini karatasi hazikuharibiwa mapema, askari wa serikali wakazichukua mwaka 2004, na mwaka 2009 majina yakaanza kutoka magazetini, la Alex Rodriguez likiwamo. Mwaka huo mahakama ilisema zilichukuliwa kinyume cha haki. Faida gani? Jina likishatoka halirudi.

Kuna pia kesi ya Ryan Braun. Mwaka 2012 mwamuzi aliiondoa adhabu yake kwa kuwa aliyechukua mkojo aliuweka nyumbani kwake siku mbili badala ya kuupeleka upesi kama mapatano yalivyotaka. Ligi ikamfukuza mwamuzi huyo. Mwaka 2013 Braun mwenyewe alikubali adhabu ya michezo 65, na wengi wakacheka kwamba chama kilimlinda mwongo. Hatucheki nao. Utaratibu ule ule uliomponya Braun ndio utakaomwokoa mtu asiye na kosa siku chupa zitakapochanganywa.

Leo adhabu ya kwanza ni michezo 80 bila mshahara, ya pili 162, ya tatu kufungiwa kabisa. Ni kali, nasi twazikubali, kwa kuwa chama kilikaa mezani zikaandikwa. Lisilotupendeza ni jingine. Ripoti ya George Mitchell ya Desemba 2007 ilitaja wachezaji 89, tena ikasema kwamba lawama ni ya wote, tangu wakubwa wa ligi mpaka wenye timu, chama na wachezaji. Wachezaji wamekatwa mishahara. Chama kimetukanwa. Wenye timu hawakufungiwa hata siku moja.