Njia za ng'ombe wa Ankole ziachiwe baiskeli nazo

Ukishaupita mji wa Lyantonde kuelekea Mbarara, migomba ya Buganda inakatika na nchi inafunguka. Kulia na kushoto ni malisho matupu: vilima vya majani mafupi, migunga iliyosimama mmojammoja, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ambazo mgeni akiziona kwa mara ya kwanza hushika kichwa. Magari kutoka Kampala hupita hapo mbiombio yakienda Kabale, Kasese au Kigali. Wachache husimama. Kwa msafiri wa baiskeli, hata hivyo, ni vigumu kupata sehemu nyingine ya Uganda iliyo bora kuliko hii, na inasikitisha kwamba wanaopanga utalii wa nchi hawajaitia hesabuni.

Huu ndio ukanda wa ng'ombe, unaoanzia Isingiro na Ntungamo kusini-magharibi na kukata nchi mshazari hadi Karamoja. Nyabushozi, wilayani Kiruhura, ni kiini chake. Barabara za murramu zimepasua malisho pande zote, magari ni ya kuhesabu, milima si ya kumvunja mtu mapafu, na kivuli cha mgunga hakikosekani. Huko Nyabushozi ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa mwaka 1983. Tembo hawamo, na simba si wakazi wake, ndiyo maana mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli humo akifuatana na askari wa wanyamapori, akawapita pundamilia, swala pala, pofu, na twiga walioletwa kutoka Murchison Falls mwaka 2015. Hifadhi ngapi Afrika zinakuruhusu kufika karibu na pofu bila kioo cha gari katikati?

Na baiskeli si ngeni huko. Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, wanaonekana vijana wakipeleka maziwa kituoni kwa Roadmaster nzito za kutoka India: makopo mawili ya bati yananing'inia ubavuni mwa keria, yamekazwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, na matawi ya majani yamechomekwa mdomoni ili maziwa yasimwagike. Kwenye mwinuko kijana anashuka, anashika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine, anasukuma. Chini ya mti kwenye njia panda yuko fundi mwenye pampu, beseni la maji la kutafutia pancha, na spoku za kila aina. Miundombinu ya safari za baiskeli, kwa hiyo, ipo tayari. Imejengwa na wanavijiji wenyewe, na wanastahili kuheshimiwa kwa hilo.

Utalii wa Uganda umeegemea mno sokwe wa milimani. Kibali kimoja cha kuwaona kinamgharimu mgeni kutoka ng'ambo dola 800, na wengine hupanda ndege ndogo hadi Kihihi au Kisoro wasione chochote kilichoko katikati. Sokwe walindwe, na fedha zao zinahitajika. Lakini mtu wa baiskeli anatumia fedha kwa namna nyingine kabisa. Akienda kilomita hamsini kwa siku atakuwa amepita senta tano au sita, na njaa ya baiskeli haisubiri hoteli ya kitalii. Atakula kalo (ugali wa wimbi) kwa mchuzi wa nyama, atakunywa bongo (maziwa ya mgando) baridi, atanunua rolex (chapati ya mayai) kando ya barabara, atalala nyumba ya wageni ya mjini Sanga, atamlipa fundi. Sheria inaelekeza asilimia 20 ya viingilio vya getini kwa jamii zinazopakana na hifadhi, na ni jambo jema. Fedha ya msafiri wa baiskeli haipiti getini wala kwenye kamati. Inaingia moja kwa moja mkononi mwa aliyepika.

Majirani wameshaonyesha kwamba jambo hili halina gharama kubwa. Rwanda ina Njia ya Kongo–Nile, kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, ambayo sehemu kubwa yake ni barabara za kawaida za vijijini. Kenya ina Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako familia kutoka Nairobi hukodi baiskeli na kupita kati ya kongoni na pundamilia siku ya Jumamosi. Na mnamo Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Uganda ilikuwa ng'ambo tu ya mpaka.

Mfano wa mbali una uzito zaidi. Magharibi mwa Hispania iko nchi inayofanana na Nyabushozi kwa namna ya ajabu: malisho makubwa yenye mialoni iliyoachiwa nafasi, nguruwe na ng'ombe wakila chini yake. Wasafiri wa baiskeli hutoka Ulaya nzima kuipita. Wanaipita kwa sababu njia za kale za wafugaji, baadhi zikiwa na upana wa mita 75, bado ni mali ya umma. Sheria ya mwaka 1995 ilizilinda, jumla yake yapata kilomita 125,000, kwanza kwa ajili ya mifugo, kisha kwa watembeao kwa miguu, farasi na baiskeli.

Hapo ndipo Uganda inapopoteza. Tangu ranchi kubwa za miaka ya 1960 zigawanywe kuanzia 1990, ardhi ya Nyabushozi imekatwa vipande na kuzungushiwa senyenge. Mwenye shamba ana haki ya kuzuia ng'ombe wa mwenzake. Hilo halina ubishi. Lakini njia ya ng'ombe kwenda majini, aliyoitumia babu wa kila mtu, ikifungwa leo haitafunguliwa kesho kwa urahisi. Halmashauri ya Kiruhura na wenzake wa Lyantonde na Isingiro wazipime njia hizo sasa na kuziandikisha kuwa za umma. Mfugaji atafaidi kwanza, mwenye baiskeli baadaye.

Ipo pia shida ya kutoka Kampala. Vikundi vya waendesha baiskeli hutoka mjini alfajiri ya Jumapili, na yeyote kati yao anajua barabara ya Masaka ilivyo: malori, mabasi yanayoshindana, na bega la lami lililomeguka. Wengi wenye busara hupakia baiskeli kwenye basi hadi Lyantonde. Serikali ilipitisha sera ya usafiri usio wa injini mwaka 2012, na jijini kikatengwa kipande cha Namirembe Road na Luwum Street kwa ajili ya miguu na baiskeli. Ni kipande kifupi mno kwa sera iliyotimiza zaidi ya miaka kumi. Nafasi nyingine inakuja: barabara ya kasi ya Busega–Mpigi, iliyochelewa sana, itakapokamilika itaondoa magari mengi kwenye barabara ya zamani. Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi iamue mapema kwamba barabara hiyo ya zamani itakuwa na njia ya baiskeli pande zote mbili, kabla maegesho na vibanda havijaichukua.

Anayetaka kwenda asisubiri wizara. Juni hadi Agosti murramu huwa kavu. Miiba ya migunga haina huruma, basi abebe tyubu za akiba. Tairi za inchi 26 hupatikana karibu kila mji, ilhali ringi za inchi 28 za Roadmaster haziingiani na tairi za baiskeli za kisasa za Ulaya, ingawa zinakaribiana kwa macho. Njia ya kuanzia ni Lyantonde, geti la Nshara, ndani ya hifadhi pamoja na askari, kisha geti la Sanga: siku mbili bila haraka, na basi la kurudi Kampala linapita barabarani hapohapo.