Nguruwe Si Nyama ya Baa, Pikeni Nyumbani

Wiki jana niliweka vidio ya sekunde hamsini nikipika nusu kilo ya nguruwe kwa sufuria moja, bila tone la mafuta ya kupikia, na komenti zikawaka moto kuliko meko yangu. Kuna aliyeniuliza kama kweli nimeokoka. Kuna aliyesema msichana anayepika nguruwe hataolewa, sawa, tutaona. Lakini iliyonikaa kichwani ni ya jamaa mmoja aliyeandika kwa upole kabisa: "Dada, hiyo ni nyama ya wanaume, tuachie." Labda alikuwa anatania. Mimi nimeichukua kama hoja, na leo naijibu.

Nimelelewa upande wa Limuru. Kama kuna watu wanapaswa kujua nguruwe ni sisi. Karibu na kwetu kuna mahali panaitwa Uplands, palipokuwa na kiwanda cha bekoni tangu enzi za mkoloni, na hadi leo Kiambu ukitembea shambani ukisikia harufu fulani hivi hauulizi, unajua ni ya nani. Maganda yetu ya viazi yalienda kwa nguruwe wa jirani. Lakini ndani ya nyumba yetu, miaka yote hiyo, sikuwahi kuona nyama ya nguruwe ikipikwa. Hata siku moja.

Nguruwe alikuwa wa bucha. Unaijua ile bucha: ukutani amechorwa nguruwe wa rangi ya waridi anatabasamu kana kwamba hajaambiwa kinachoendelea, nyuma kuna vibanda vya mabati, na ndani wamejaa wanaume. Mwisho wa mwezi baba alipitia hapo na wenzake. Tulimjua amefika kwa mlango, na kwa karatasi ya gazeti iliyolowa mafuta. Ndani vipande vitano, sita akiwa na raha, vimepoa hadi mafuta yameganda meupe kama mshumaa. Sisi watoto tulikuwa watatu. Tulivamia. Mama alikaa pale kando anatuangalia, ukimkaribisha anasema, "Kuleni, mimi nimeshiba." Mama alikuwa ameshiba kila mwisho wa mwezi. Nilikuja kufikiria hilo jambo nikiwa mkubwa tayari, na likaniuma.

Sisemi baba ni mtu mbaya. Alilipa karo, hakuwahi kutulaza njaa, na ndivyo baba wote wa mtaa wetu walivyoishi. Nachokataa ni ile desturi kwamba nyama nzuri inaliwa nje na aliye na pochi, halafu nyumbani yanafika makombo na watu washukuru. Desturi hiyo ina kisingizio chake, ati nguruwe ni ngumu kupika, inataka mtaalamu, ukiijaribu nyumbani utaiharibu. Huo ni uongo mtupu. Nguruwe ndiyo nyama rahisi kuliko zote, kwa sababu inakuja na mafuta yake.

Mimi mwenyewe niliamini huo uongo. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu (hadithi ndefu, wengi mnaijua, tusirudi huko) nilihamia bedsita Githurai na nikawa nafanya kama baba. Pesa ya kazi ya vidio ikiingia, naenda bucha, naagiza nusu, na ugali, na kachumbari, na soda. Natoka hapo nimelipa mia sita na kitu. Mara mbili kwa wiki. Kuna Jumatano nilifuliza ili nilipe nyama iliyokuwa tayari tumboni. Nikatembea nyumbani nikijiuliza mimi ni mtu wa aina gani. Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya muuzaji nikamwambia sitaki ya kukaangiwa, nipe mbichi. Akaniangalia. "Ni ya nani?" Nikamwambia ni yangu. Nusu hiyo nilipewa kwa mia tatu.

Sasa sikiza vizuri, maana hapa ndipo watu wanaharibu. Usiombe nyama isiyo na mafuta. Najua kuna wanaojali afya, nami najali, lakini paja tupu lisilo na mafuta litakukaukia hadi utafune kama kandambili. Omba bega au mbavu, au tumbo kama unapenda ile ya kuteleza. Mwambie akukatie vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Ukifika nyumbani, weka nyama kwa sufuria ikiwa bado baridi, tia chumvi na maji nusu kikombe, kisha ndio uwashe moto wa wastani. Funika. Hayo maji si ya mchuzi. Kazi yake ni kuipasha nyama polepole ili mafuta yaanze kuyeyuka kabla haijashika chini. Baada ya dakika kumi na tano hivi funua, acha maji yakauke. Utasikia sauti ikibadilika. Mwanzo inatokota, blub blub, halafu inaanza kuchachatika. Hiyo sauti ya pili ndiyo unaisubiri, maana sasa nyama inajikaanga kwa mafuta yake yenyewe, na wewe hujanunua hata kijiko.

Hapo usiende kwa simu. Geuza, geuza, hadi kingo ziwe za rangi ya kahawia. Mafuta yakizidi, yachote uyaweke kwa kikombe. Tangawizi iliyosagwa iingie, na kitunguu maji. Kitunguu saumu kiingie mwisho kabisa, dakika mbili za mwisho, kwa sababu ukikitia mapema kitaungua na sufuria nzima itakuwa chungu. Kuna watu wamenibishia hapa. Sijali. Ukizima moto, kamulia nusu limau na urushe dhania. Limau si mapambo, ndilo linalokata ule uzito wa mafuta mdomoni. Kama kwenu kuna ile rozmari ya ua, kama ile mama yangu amepanda kandokando ya geti, chuma kijiti kimoja ukitupe ndani pamoja na tangawizi. Wengi wenu mnaipita kila asubuhi na hamjui ni kiungo.

Basi. Dakika arobaini kwa yote. Zile poda za mchuzi za pakiti sizitii, maana zinafanya kila nyama iwe na ladha moja, kuku, ng'ombe, maharagwe, vyote ndugu. Na zile vidio za ng'ambo za asali na divai na ovena nazitazama kama filamu tu. Mimi ovena sina, nina mtungi wa kilo sita ambao karibu unaisha.

Mafuta uliyoyachota usimwage! Kesho yake kaanga nayo kabeji au sukuma, na kitunguu kimoja. Ugali hapo unaisha bila nyama kuguswa. Nilifanya hivyo wiki nzima mwezi wa pili nikiwa sina kazi, na majirani walidhani nimepata mchumba wa kunilisha.

Kuna watu waliniandikia kwa hofu ya minyoo, na hawa siwacheki. Minyoo ya tegu ipo kweli, na nyama yenye maradhi huwa na vijipu vidogo kama punje za mchele. Ukiziona, acha nyama hiyo hapo hapo. Nunua pale penye muhuri wa mkaguzi kwenye nyama, usinunue ya kichochoroni ati ni bei ya kutupa. Halafu ipike iive hadi katikati, kusiwe na uwaridi wala damu ndani. Mtu akiwa na kipimajoto, nyuzi 71 zinatosha kabisa. Ile ya kuchomwa juu nyeusi na ndani inatetema, ambayo ndiyo mnauziwa usiku mkiwa mmelewa, hiyo ndiyo mngeiogopa. Na homa ya nguruwe inayosumbua wakulima wetu, ambayo mwanasayansi Montgomery aliieleza mara ya kwanza mwaka 1921 kutoka hapa hapa Kenya, haiambukizi binadamu. Inamaliza nguruwe na inamaliza mkulima mfukoni, lakini wewe haikupati.

Kitu kingine, na hapa sicheki. Mlango wangu unatazamana na wa mama mmoja Mwislamu, tunaitana majirani na ni majirani kweli. Siku ya kwanza nilipika dirisha wazi. Hakusema neno, ila niliona amefunga lake. Siku hizi napika nikiwa nimefunga mlango wa upande wake, nina sufuria na kisu vya nguruwe peke yake, na nikimpelekea mtoto wake chapati anajua hazijagusana na chochote. Wasabato nao ni vivyo hivyo. Kuna vijana wanafanya kontenti ya kumlisha mtu nguruwe bila kujua halafu wanacheka. Hiyo si kontenti. Umemwibia mtu kitu ambacho huwezi kumrudishia. Ukinitumia vidio kama hiyo nakublock.

Sasa nirudi kwa jamaa wa "tuachie".

Baba hakuongea na mimi miezi minane baada ya chuo. Salamu zilikuja kupitia mama. Mwezi wa tano alikuwa na miadi ya macho hapa Nairobi, na mama akanipigia, akasema tu, "Atapitia kwako, mpikie." Nilinunua kilo nzima. Akafika, akakaa kwa kiti cha pekee nilicho nacho, akaangalia taa yangu ya kurekodia kama mtu anayeangalia mashine ya hospitali. Nikampakulia. Alikula kimya. Sahani ya kwanza, kimya. Ya pili akauliza, "Umeweka nini?"

"Chumvi na tangawizi, baba. Na limau."

"Peke yake?"

"Na kitunguu saumu. Mwishoni."

Mimi ndiye kifungua mimba na nimepewa jina la mamake, kwa hivyo tangu utotoni huniita mami. Alikuwa hajaniita hivyo miezi hiyo yote. Akafuta mikono, akatoa simu yake, akasema, "Mami, hebu nieleze polepole niandike." Nikamweleza, akiandika kwa kidole kimoja, akinisimamisha kila mara. Mambo ya chuo hatukuyagusa. Hatujayamaliza hadi leo, bado huuliza nitarudi lini na bado sina jibu la kumpa. Alipoondoka hakubeba kitu kwa gazeti. Nilimfungia kwa kopo lenye kifuniko, nusu nzima, nikamwambia hii ni ya mama na si ya mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata mama akanipigia, anacheka hadi simu inakatika. Baba alikuwa amenunua kilo mbichi, akaingia jikoni, akawafukuza wote, akasimama na simu mkononi akisoma kama mtu wa kuhubiri.

Nikamuuliza imekuwaje.

"Alitia kitunguu saumu mapema, kikaungua," mama akasema. "Nilinyamaza. Wewe ndiye utamwambia. Mimi nimeshiba."